Maswali ya Wasomaji: Samaki Wanaokula Mwani Kwenye Tangi la Nyumbani

Barua za safari hii nyingi zimetoka mkoa wa Kigoma, na zote zinazunguka jambo moja: ni samaki gani awekwe tangini ale mwani, mwenye tangi apumzike kusugua vioo? Tumezipanga pamoja kwa kuwa jibu la moja linasaidia jingine.

Salaam wataalamu. Nina tangi la lita 100 sebuleni, karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi. Kila baada ya wiki mbili vioo vinageuka kijani. Duka nililonunulia wananiambia niongeze "samaki msafishaji" mmoja. Nichukue yupi?
*Msomaji, Gungu*

Kwa sasa usichukue yeyote. Hamisha tangi kwanza.

Mwani unahitaji vitu viwili: mwanga na mbolea. Mwanga wako ni jua la dirishani pamoja na taa. Mbolea ni chakula unachowapa samaki, maana kila punje, iwe imeliwa au imebaki chini, mwishowe huwa naitrati na fosfeti ndani ya maji. Ukiongeza samaki wa kula mwani bila kupunguza hivyo viwili, umeongeza tumbo jingine linalotoa kinyesi, na kinyesi hicho ni mbolea ya mwani utakaoota kesho. Samaki huyo hakwangui sponji, hanyonyi uchafu wa changarawe, hapunguzi naitrati. Anachofanya ni kuzuia utando mwembamba usinenepe. Hilo ni jambo la maana, lakini linakuja mwisho.

Fanya hivi kwa mwezi mmoja. Tangi lisiguswe na jua moja kwa moja saa yoyote ya siku. Kama halihamishiki, bandika karatasi nzito upande wa dirisha. Taa iwake kwa muda wa saa sita hadi saba kila siku, si zaidi, na ni vizuri iwe na taima, kwa sababu mkono husahau. Chakula kiwe kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara mbili kwa siku, na siku moja ya juma wasile kabisa. Kila wiki toa lita 25 kwa mpira wa kunyonya huku ukiuzamisha kwenye changarawe, kisha rudisha maji safi yenye joto lilelile. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, pampu ya hewa ikipuliza ndani yake, klorini itoke. Sponji ya kichujio isuuze kwenye hayo maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba, usije ukaua bakteria wanaovunja amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichooza.

Utando ulioko sasa ukwangue kwa wembe kama tangi ni la kioo, au kwa kadi ngumu ya plastiki kama ni la akriliki, kisha nyonya mabaki kabla hayajatulia. Baada ya hapo angalia kinachorudi, kwa sababu aina ya mwani ndiyo itakayokuambia samaki wa kumtafuta. Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole ni la tangi jipya. Mara nyingi hupungua lenyewe tangi likishakomaa, na karibu kila mla mwani hulipenda. Utando laini wa kijani juu ya kioo na mawe huliwa na wengi pia. Vitone vigumu vya kijani vilivyoshika kioo ni kazi ya wembe. Nyuzi ndefu zitoe kwa mkono, uzizungushe kwenye kijiti. Na ukiona utando wa kijani-bluu unaoteleza, unaobanduka kama ngozi na kunuka, ujue huo si mwani hasa bali ni bakteria, na hakuna samaki wa dukani atakayekumalizia. Unyonye wote, funika tangi kwa kitambaa kizito siku tatu bila taa huku hewa ikiendelea kupuliza, halafu badilisha nusu ya maji. Kisha tafuta ni kona gani maji hayazunguki, maana ndipo ulipoanzia.

Sisi hapa Katonga tunaona samaki wadogo wanakwangua mawe ziwani kutwa nzima. Kwa nini tununue samaki wa Dar es Salaam wakati hawa tunao? Na nitajuaje yupi anafaa?
*Msomaji, Katonga*

Swali zuri sana. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu wote hawapatikani kwingine duniani, na kundi kubwa kati yao wanaishi kwa kula mwani unaoota juu ya mawe. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huwalipia fedha nyingi samaki hao. Ila si kila anayekwangua jiwe anafaa kukwangua tangi la sebuleni.

Wa kwanza kumwona ukichungulia kwenye mawe ni Tropheus. Ana umbo fupi lililojaa, kichwa cha mviringo, na mdomo uliokaa chini kidogo ili aegemee jiwe. Mmoja wa jamii yao ni Tropheus duboisi, ambaye watoto wake ni weusi wenye vitone vyeupe, na wakikua vitone hupotea, kichwa kinakuwa na rangi ya samawati na mwili unavikwa mshipi mweupe au wa manjano. Ni samaki wazuri mno. Lakini wana ugomvi. Ukiweka wawili au watatu, mwenye nguvu atamfukuza mnyonge mpaka afe. Hutulia wakiwa kundi la 12 kwenda juu, ugomvi ukigawanyika, na kundi hilo linataka tangi la urefu wa sentimita 120 au zaidi, lita 300 hivi, mawe yamerundikwa, kichujio chenye nguvu. Atakayewafuga hivyo anawafuga kwa ajili yao wenyewe. Kuwanunua ili wakusafishie lita 100 ni kuwatesa.

Petrochromis, yule mkubwa mwenye midomo minene iliyojaa vijino vingi kama brashi, mwache ziwani. Hukua kupita sentimita 15, wengine 20, na hasira zake zinawazidi Tropheus.

Kwa tangi la kawaida tunampendekeza Eretmodus, samaki mdogo wa sentimita 8 hivi mwenye sura ya mdomo mpana na vitone vya bluu ubavuni. Huyu huishi pale mawimbi yanapopiga mawe, kwenye maji mafupi kabisa. Kibofu chake cha hewa ni kidogo, kwa hiyo haelei katikati ya maji. Hurukaruka chini kutoka jiwe hadi jiwe, na hiyo ndiyo inamsaidia asichukuliwe na mawimbi. Jozi moja, dume na jike waliozoeana, hukaa vizuri kwenye lita 100 hadi 120. Usiweke madume mawili. Muwekee mawe mviringo yaliyolala chini, yamwachie nafasi za kujificha, na weka juu mwanga wa kutosha ili mawe yaote utando wa kula.

Sharti lake kubwa ni hewa. Mahali anakotoka maji yanachafuka na kuchanganyika na upepo mchana na usiku, na maji ya moto ya tangini hushika oksijeni kidogo. Pampu ya hewa iwe inasukuma uso wa maji mpaka uone unatetemeka. Joto lisizidi nyuzi 27 kwa muda mrefu. Umeme ukikatika, yeye ndiye atakayeanza kuhema, kwa hiyo uwe na pampu ndogo ya betri; ukikosa, chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya dakika chache. Kichujio kilichofungwa kikikaa bila umeme kwa saa nyingi, usikiwashe tu umeme ukirudi. Kifungue, mwaga maji yaliyooza ndani, suuza sponji, ndipo uwashe.

Maji ya ziwa yana pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) ya 8.6 hadi 9.2, na hilo ndilo linalofanya samaki hawa wajisikie nyumbani. Lina hatari yake vilevile. Amonia ni ileile, lakini sumu yake hutegemea pH: kwenye maji ya pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali inayoua, kwenye pH 9 na joto la nyuzi 26, zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana tangi la maji ya Tanganyika linalolishwa kupita kiasi huua samaki usiku mmoja, wakati tangi la maji laini, yaani yenye madini machache na pH ya chini, lingevumilia siku kadhaa.

Kabla ya kutumbukiza wavu, nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize utaratibu, kwa kuwa kukusanya samaki wa mapambo kuna vibali vyake. Ndani ya mipaka ya hifadhi za Gombe na Mahale usiguse kitu.

Shikamooni. Nilipewa Tropheus kumi na wawili, wakakaa vizuri miezi miwili. Nilikuwa nawapa unga wa dagaa na vipande vidogo vya nyama ili wakue. Sasa wanne wamekufa matumbo yamevimba, na wengine wanatema chakula. Ni ugonjwa gani?
*Mwanafunzi, Ujiji*

Marahaba, na pole sana. Tatizo limeanzia kwenye dagaa na nyama.

Utumbo wa Tropheus ni mrefu, umejikunja mara nyingi, kwa sababu mwani una lishe kidogo na unahitaji muda mrefu kumeng'enywa. Nyama na unga wa samaki vinapoingia humo hukaa muda uleule mrefu, vinachacha, na vijidudu ambavyo kwa kawaida hukaa kimya tumboni vinazaliana na kuharibu ukuta wa utumbo. Ugomvi wa kundi na maji machafu huongeza kasi. Dalili hufuatana hivi: samaki anajitenga, anachukua chakula na kukitema, kinyesi kinakuwa uzi mweupe unaoning'inia, na mwisho kabisa tumbo linavimba. Aliyekwisha kuvimba ni vigumu kumwokoa. Wanaotema bado wana nafasi.

Leo hii acha kuwalisha, kwa siku tatu nzima. Badilisha theluthi ya maji leo na theluthi nyingine kesho kutwa. Wanaotema wahamishie kwenye chombo chao chenye hewa nyingi. Dawa inayotumika ni metronidazoli: wafugaji hutumia miligramu 250 kwa lita 40 za maji, mara tatu, kila baada ya saa 48, na robo ya maji ibadilishwe kabla ya kila dozi. Kaboni (ule mkaa wa kusafishia maji) iondolewe kwenye kichujio, la sivyo itaifyonza dawa. Mwone daktari wa mifugo akuhakikishie kabla hujaanza.

Wakipona, chakula kibadilike kabisa. Mchicha uchemshe dakika moja, uutumbukize kwenye maji baridi, ufunge kwenye jiwe kwa uzi, na utoe mabaki baada ya saa tatu. Tango na mumunye vilivyokatwa vipande vyembamba vinafaa pia. Chakula cha vidonge au cha unga kinunuliwe kile ambacho spirulina, aina ya mwani mkavu, imetajwa mwanzo kabisa kwenye orodha ya viungo. Wape kidogo mara tatu kwa siku badala ya kingi mara moja. Dagaa, nyama, maini, mkate na ugali, hapana.

Na kuna chakula cha bure kinachowapita vyote. Chukua mawe bapa sita au nane, yaweke kwenye beseni, mimina yale maji unayoyatoa tangini kila wiki, ambayo yamejaa naitrati, na uanike juani. Baada ya siku 7 hadi 14 mawe yatakuwa yamevaa utando wa kijani. Ingiza mawili tangini, yakishakwanguliwa yarudishe juani na uingize mengine. Funika beseni kwa kipande cha chandarua na ubadilishe maji kila siku ya tatu au ya nne, usije ukafuga mbu.

Nipo Kasulu. Maji ya kisima chetu nimeyapima, pH ni 6.8. Nina tangi la lita 60 lenye neoni kumi, wale samaki wadogo wa maji laini. Samaki wa ziwani naona hawanifai. Nichague nini?
*Mwalimu, Kasulu*

Umeona sawa, mwalimu. Na kuna wanaoshauri kutia chumvi ili maji yawe "ya ziwa". Chumvi ya Uvinza ni nzuri kwa mboga. Maji ya Tanganyika hayana ugumu wa chumvi ya mezani, ugumu wake unatokana na bikaboneti na magnesi. Acha maji yako yalivyo na utafute samaki anayeyapenda.

Kwa lita 60 anayekufaa ni Otocinclus wa Amerika ya Kusini. Ana sentimita 4 au 5, mpole, na hula utando wa kahawia na kijani bila kuharibu majani ya mimea. Mnunue kikundi cha watano au sita. Wengi hufa wiki za mwanzo, na sababu kubwa ni njaa: wamekamatwa, wamesafirishwa, wamekaa dukani kwenye tangi jeupe lisilo na mwani. Dukani mwangalie tumbo akiwa amejishikiza kwenye kioo. Liwe limejaa, lisiwe limebonyea. Tangi lako liwe na umri wa miezi mitatu au zaidi, na mwani uonekane kwa macho. Usiutoe wote siku moja kabla ya wageni kufika.

Ancistrus, yule mwenye ndevu puani, ni mchapakazi na mvumilivu hata wa maji magumu, lakini hufika sentimita 12 hadi 15, hivyo anza na lita 100, samaki mmoja tu, na kipande cha gogo la kukwangua.

Mwenye kuogopwa ni Gyrinocheilus. Dukani huwa mdogo, anajishikiza kwenye kioo, anauzwa kwa sifa kubwa. Akikua hupita sentimita 25, huacha mwani, na huanza kujibandika ubavuni mwa wenzake na kunyonya ute wa ngozi zao. Wengi humnunua wakidhani ni Crossocheilus. Mtofautishe hivi: Crossocheilus ana mstari mmoja mweusi unaonyooka kutoka puani na kuingia mpaka ndani ya mkia, na akipumzika hujiegemeza kwa mapezi. Gyrinocheilus ana mdomo wa kunyonya uliotazama chini, na mstari wake mara nyingi umekatikakatika. Crossocheilus ni karibu samaki pekee wa dukani anayekula ule mwani mweusi wa manyoya unaoota ukingoni mwa majani na kwenye bomba la kichujio. Lakini hufika sentimita 15 na huruka. Anataka tangi la sentimita 120 lenye kifuniko, kwa hiyo si la kwako.

Samaki watakaotoka Dar es Salaam watakuwa wamefungwa mfukoni zaidi ya siku moja, na hapo usitumie ile njia ya kudondosha maji tone kwa tone kwa saa mbili. Safarini hewa ya ukaa hushusha pH ya maji ya mfuko, na amonia iliyorundikana inakuwa haina makali. Ukifungua, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu samaki akiwa bado ndani. Uache mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa kwa dakika 20 joto lilingane, fungua, mkamate kwa wavu, mhamishe papo hapo. Maji ya mfuko yamwage nje.

Niliweka samaki wa kusugua vioo akiwa na urefu wa kidole. Sasa anakaribia sentimita 30, anafukua changarawe na kuvunja mimea. Jirani ananishauri nimwachie ziwani, aishi.
*Mama wa Mwanga*

Mama, tafadhali usimwachie. Kwa maelezo yako huyo ni Pterygoplichthys wa Amerika ya Kusini, na huweza kufika sentimita 40 na zaidi. Ana magamba magumu kama ngao na huvumilia maji yenye hewa kidogo kwa kuvuta hewa juu ya maji. Alikoachiwa katika nchi nyingine amezaliana, akachimba mashimo ya kutagia mpaka kingo za mito zikaporomoka, na kula mwani ambao samaki wenyeji waliutegemea. Tanzania tunajua jambo hili linavyokwenda: sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi sana za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zimetoweka. Samaki wa mawe wa Tanganyika wakipotea hapa, hakuna mahali pengine pa kuwatoa.

Mrudishe dukani au mpe mtu mwenye tangi la lita 500 kwenda juu. Bwawa lisilo na njia ya maji kufika mtoni linawezekana pia, mradi lisifurike masika. Ikishindikana kabisa, afadhali afe kuliko aingie ziwani: maji yenye mafuta mengi ya karafuu humlaza na kumwua bila maumivu, kisha azikwe.

Naweza kuchota maji na konokono ziwani niweke tangini, konokono wale mwani?
*Msomaji, Kibirizi*

Maji ndiyo, kwa uangalifu. Konokono, hapana.

Kichocho cha tumbo kipo kwenye vijiji vya kando ya ziwa, na konokono wanaokibeba huishi kwenye maji mafupi yaliyotulia, penye majani na matete. Ukileta konokono mmoja mwenye vimelea, atavitoa tangini kila siku, na wewe utatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko kila wiki. Chota maji mbali na majani, palipo na mawe na mawimbi, ukiwa kwenye mtumbwi. Yapitishe kwenye kitambaa kizito, yahifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko, bila konokono wala majani, kwa saa 48. Vimelea visivyompata mtu kwa muda huo hufa. Mawe unayoyaokota yasugue kwa brashi ukiwa umevaa glavu ndefu za mpira, uyaanike juani siku tatu hadi yakauke kabisa. Usiyachemshe, kwani jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka jikoni.